Chopa au Ndege? Pale Mungu Anapokuachia Uchague



Wapendwa vijana wenzangu, leo naanza kwa kuungama. Siyo maungamo ya kwenye kitubio, yale nimeshayapeleka panapohusika. Hili ni kosa la ushauri. Mwaka jana mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu usiku akiwa na swali zito la maisha, nami nikampa jibu linalosikika takatifu kabisa. Jibu lile lilimkosesha nafasi.

Huyu bwana mdogo anajifunza ufundi wa ndege. Si urubani, ni ufundi: kufungua, kukagua, kupaka grisi, kubadilisha, kufunga, kuandika kwenye kitabu. Alishamaliza masomo ya darasani, akawa kwenye mafunzo ya vitendo hapa Mwanza, kwenye hanga moja pale uwanja wa ndege. Ghafla akafunguliwa milango miwili kwa wakati mmoja. Wa kwanza: abaki palepale aendelee na ndege za kawaida za mabawa, kama hizi Caravan tunazoziona zikivuka ziwa. Wa pili: aende Nairobi, uwanja wa Wilson, ambako helikopta ni nyingi, akajifunze ufundi wa chopa. Alitakiwa ajibu kabla ya mwisho wa mwezi.

"Kaka frateri, nichague ipi?"

Nikamjibu, "Sali novena, mdogo wangu. Mungu atakupa ishara."

Akasali. Siku tisa, hakuruka hata moja. Sasa nyumbani kwao ni Ilemela, karibu na njia ya ndege zinazotua. Siku ya tisa asubuhi, alipomaliza tu sala, ndege ikapita juu ya bati. Akafurahi: ishara hiyo! Halafu akakumbuka kwamba ndege ile hupita pale kila siku saa ileile. Haikuwa ishara, ilikuwa ratiba. Akaendelea kusubiri. Mwezi ukaisha, Nairobi wakampa mtu mwingine.

Aliponipigia hakunilaumu. Alisema tu, "Kaka, nimesubiri ishara mpaka nafasi imepita." Ningependa angenifokea.

Wiki tatu baadaye Mungu akatuhurumia wote wawili. Yule aliyepewa nafasi hakufika, wakampigia tena mdogo wangu: una siku kumi. Safari hii sikutoa ushauri kwa simu. Nilipanda daladala nikamfuata. Nataka niwashirikishe tulichojifunza katika zile siku kumi, maana najua wengi wenu mna milango yenu miwili: VETA au chuo kikuu, kubaki nyumbani au kwenda Dar, huyu au yule, hata ndoa au utawa.

KWA NINI CHOPA?

Kwanza nilimwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza kwenye simu ile ya kwanza: "Hivi kwa nini unaitaka chopa?"

Akanyamaza kidogo, halafu akanirudisha Bukoba, Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022. Wengi mnaikumbuka. Ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43, ilikuwa inakuja kutua katika hali mbaya ya hewa, ikaangukia ziwani karibu kabisa na uwanja. Watu 19 walifariki, 24 wakaokoka. Waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alikuwa mmoja wa waliosaidia kuwaokoa abiria. Baadaye serikali ilimpa zawadi na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mimi wakati ule nilikuwa seminarini nasoma falsafa. Habari zilitukuta tukitoka misa. Mdogo wangu alikuwa kidato cha nne palepale Bukoba, anaishi kwa shangazi, mtihani wa taifa uko mlangoni. Alikimbilia ufukweni.

"Kaka, watu walikuwa wanavuta ndege kwa kamba. Wengine wanalia. Mimi nilikuwa naangalia juu. Nasema, chopa iko wapi? Mbona hakuna chopa inayokuja? Nikajiambia, siku moja nitakuwa fundi wa chopa, ili ikihitajika ikute iko tayari."

Nieleweke: sisemi fundi yeyote alikosea siku ile. Ajali ile naitaja kwa sababu ndiyo iliyopanda mbegu ndani ya kijana huyu, na mbegu yenyewe ni njema. Ukiishi kando ya ziwa hili hoja ya chopa huhitaji kuelezwa. Mgonjwa wa Ukara, au wa visiwa vya mbali zaidi, anayetakiwa kufikishwa Bugando anategemea maji, upepo na ratiba ya kivuko. Chopa haidai uwanja. Kipande cha ardhi tambarare kinaitosha.

Lakini hoja ya ndege nayo ilikuwa njema. Ndege za mabawa ndizo zinazobeba watu wengi na mizigo mingi, na ajira zake hapa kwetu ni nyingi kuliko za chopa, maana chopa zenyewe ni chache. Wengi wetu tumeziona zaidi wakati wa kampeni za uchaguzi. Hata huduma ya tiba kwa njia ya anga katika Afrika Mashariki imebebwa sana na ndege ndogo za mabawa. Madaktari wa anga wa AMREF walianza mwaka 1957. Kule Arusha, Flying Medical Service iliyoanzishwa na padre mmisionari imekuwa ikivifikia vijiji vya mbali kwa ndege ndogo kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo huwezi kusema mwenye huruma aende kwenye chopa na mwenye kutaka mshahara aende kwenye ndege.

Halafu kuna mambo ya nyumbani. Baba yake alishafariki. Mama anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mdogo wake wa kike yuko kidato cha tatu. Posho yake ni ndogo, ila ndiyo inayonunua madaftari na sare, na yeye ndiye anayekuwepo usiku mama akiumwa mgongo.

Unaona ugumu? Hakuna dhambi upande wowote. Katika Amri Kumi za Mungu hakuna amri ya helikopta. Ingekuwa ni kuchagua kati ya wizi na uaminifu, ningemjibu kwa sekunde tano. Kazi inakuwa ngumu pale mema mawili yanapomgombania mtu mmoja.

FISI NA PUNDA

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Alisikia harufu ya nyama kila upande, akataka afuate zote, akapasuka msamba. Seminarini tulifundishwa mnyama mwingine: punda wa Buridan. Buridan alikuwa mwanafalsafa wa Paris wa karne ya 14, ingawa hadithi yenyewe haimo katika maandishi yake. Punda anasimama katikati ya marobota mawili ya nyasi yanayolingana kwa kila kitu. Hana sababu ya kuanza na hili badala ya lile. Anasimama, anasimama, mwisho anakufa kwa njaa huku chakula kikiwa kulia na kushoto.

Fisi aliponzwa na kutaka vyote. Punda aliponzwa na kungoja sababu isiyoacha shaka hata kidogo. Kuhusu fisi tunaonywa kila siku, nyumbani na kanisani. Lakini sisi wa VIWAWA, wa kwaya, wa seminari, ugonjwa wetu mara nyingi ni wa punda, tena tumeuvisha rozari. Tunasema "bado naliombea" wakati ukweli ni "naogopa".

Mtakatifu Thomas wa Akwino ana neno hapa. Anafundisha kwamba fadhila ya busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu lililo jema, na kuamuru, yaani kujiamuru mwenyewe utende. Nilishangaa nilipolisoma mara ya kwanza, maana anasema lililo kuu kati ya hayo ni la tatu. Mtu aliyeomba ushauri kwa kila padre wa dekania, akaelewa kabisa lipi ni jema, kisha asitende, bado hajafikia busara. Ana taarifa tu. Tena Thomas anajua kwamba mambo ya kutenda hayana uhakika wa kama hesabu. Ukidai uhakika wa hesabu kwenye maisha, unadai kitu ambacho Mungu hakukiweka humo.

Sehemu hiyo nilifaulu vizuri tu kwenye mtihani. Halafu simu ya mdogo wangu ilipoingia, nikamfundisha upunda.

NATI YA YESU

Siku ya tatu alinipeleka kazini kwake, nikaruhusiwa kusimama mlangoni pa hanga. Mwalimu wake ni mzee mmoja mtulivu, fundi wa miaka mingi, aliyewahi kufanya kazi na chopa kabla ya kurudi kwenye ndege za mabawa. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, akaiona rozari ya kidoleni kwangu, akatabasamu.

"Frateri, unajua chopa ina nati ya Yesu?"

Sikujua. Akanieleza kwamba juu kabisa ya mhimili wa helikopta kuna nati kubwa inayoshikilia mapanga makuu. Wanajeshi wa Marekani wakati wa vita vya Vietnam waliipa jina hilo kwa utani wa kutisha: ikiachia mkiwa hewani, hakuna kilichobaki isipokuwa kumwita Yesu.

Kisha akanipa darasa fupi. Ndege ya mabawa injini ikizimika bado inateleza hewani kwa muda, rubani anatafuta pa kutua. Chopa nayo si jiwe kama watu wanavyodhani. Injini ikizimika, upepo unaopanda wakati inashuka unaendelea kuyazungusha mapanga, na rubani mzoefu anaweza kuitua. Lakini mapanga yenyewe ndiyo mabawa, na yanazunguka. Yakichomoka hakuna mbadala. Ndiyo maana chopa inatetema saa zote, vyuma vinachoka, na sehemu nyingi zina umri ulioandikwa. Zikifika masaa yake zinatolewa hata kama zinang'aa. Robinson R44, moja ya chopa ndogo zinazotumika sana duniani, kiwanda kinataka ifumuliwe na kutengenezwa upya kila masaa 2,200 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Ndege kubwa zina taabu nyingine: zile zinazojazwa hewa ndani kwa ajili ya abiria, mwili wake unavimba kidogo kila zikipanda na kunywea kila zikishuka, na ufa unapenda kuanzia kwenye matundu ya ribiti.

Mimi wakati huo mahubiri yalikuwa yanajiandika kichwani. Nikasema, "Mzee, kumbe Yesu ndiye nati inayoshikilia maisha yetu yote!"

Akaniangalia kwa upole. "Frateri, ile nati haimsubiri Yesu. Inanisubiri mimi na spana. Yesu ameshafanya ya kwake, amenipa macho na mikono." Akachukua spana ndefu yenye kipimo cha nguvu ya kukaza. "Kuna namba imeandikwa kwenye kitabu. Huikazi nati mpaka moyo wako usikie amani. Unaikaza mpaka namba ifike. Mwenzako anakagua. Halafu unaandika jina lako."

Vijana, nimefanya mafungo mengi. Sijui kama nimewahi kupata mafungo mafupi na mazito kama yale.

AJALI MBILI

Usiku ule nilisoma habari za ajali mbili ambazo mzee yule alizitaja, na zimenikaa kichwani mpaka leo.

Ya kwanza ni ya tarehe 10 Juni 1990. Ndege ya British Airways ilitoka Birmingham, Uingereza, kwenda Málaga, Hispania. Ikiwa hewani, kioo cha mbele upande wa rubani kikachomoka, rubani akavutwa nusu ya mwili nje. Wenzake walimshikilia mpaka msaidizi wake akaitua ndege Southampton. Ajabu ni kwamba alipona, na abiria wote wakapona. Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari. Boliti zilizokifunga zilikuwa 90, na kati ya hizo 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa tofauti isiyofika milimita moja. Fundi alikuwa amezichagua kwa kulinganisha kwa macho, usiku, badala ya kuangalia namba kitabuni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzoefu, ana haraka, na alijiamini.

Ya pili ni ya tarehe 29 Aprili 2016, Norwe. Helikopta aina ya EC225 iliyokuwa inawarudisha wafanyakazi kutoka kwenye mitambo ya mafuta baharini ilipoteza mapanga yake makuu ikiwa hewani karibu na Turøy. Watu wote 13 walikufa. Wachunguzi walikuta ufa kwenye gia moja ndani ya giaboksi, ufa uliokua chini ya uso wa chuma bila kutoa dalili ambayo ukaguzi wa wakati ule ungeweza kuinasa. Hawakuona kosa la marubani wala la mafundi wa kampuni iliyokuwa inairusha.

Ziweke hizo mbili pamoja. Katika ya kwanza kulikuwa na kitu kinachopimika na mtu hakukipima. Katika ya pili watu walipima kila kilichopimika wakati ule, na bado lililofichika likabaki limefichika. Kati ya hizo mbili ndipo dhamiri ya mwanadamu inapoishi. Mungu hatatuuliza kwa nini hatukuuona ufa uliokuwa ndani ya chuma. Atatuuliza kwa nini hatukufungua kitabu.

Nikajua kosa langu lilikuwa nini. Nilimwambia mdogo wangu angoje afunuliwe yaliyofichika, bila kwanza kumsaidia kupima yaliyo wazi. Sala haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuitumia sala kama yule fundi alivyotumia macho yake: kwa kukwepa kitabu.

TULIVYOPIMA

Tukakaa chini ya mwembe kwao, tukapima. Mtakatifu Ignasi wa Loyola alitusaidia sana. Anasema uchaguzi wa namna hii unafanyika kati ya mambo ambayo yote ni mema, au angalau si mabaya. Anatofautisha pia maamuzi yasiyobadilika, kama ndoa na upadre, na yale yanayobadilika. Anakupa mbinu: mfikirie mtu usiyemjua kabisa mwenye swali lako hilohilo, ungemshauri nini? Jifikirie saa ya kufa, ungetamani uwe ulichagua lipi?

Tulipima vitu vinne.

Kwanza, nani ananitegemea leo, kwa jina? Mama na mdogo wake wa kike. Mgonjwa wa Ukara ni wa kweli, lakini Nairobi isingemfikisha kwake mwaka huu wala ujao.

Pili, nitajifunza kwa nani? Ufundi haujifunzwi kwa mashine tu, unajifunzwa kwa mtu. Pale Mwanza alikuwa na mzee anayemwambia "fungua tena" hata saa ya kutoka imefika. Nairobi hakumjua mtu. Anaweza kuwepo mzuri kuliko huyu, ila hilo hatukuwa na namna ya kulipima.

Tatu, mlango huu ukifungwa, unafungwa kabisa? Tukaangalia. Kwa kanuni za kimataifa, mwombaji wa leseni ya ufundi wa ndege anatakiwa awe na uzoefu wa miaka minne, au miwili kama amepita mafunzo yaliyoidhinishwa. Huko Ulaya leseni zimetenganishwa wazi kati ya ndege na helikopta, kwa hiyo kuhama si kazi ya siku moja. Lakini mafundi huhama. Mzee wake mwenyewe alihama. Uamuzi huu ulikuwa wa kundi la yanayobadilika, kwa gharama.

Nne ilikuwa ngumu kuliko zote: hamu yangu ni safi? Hapa sikusema mimi. Alisema mwenyewe, akiwa anachora chini kwa kijiti. "Kaka, nadhani pale ufukweni sikutaka tu watu waokolewe. Nilitaka mwokoaji niwe mimi."

Sikumhukumu, maana mimi pia nina upadre wa kwenye ndoto ambamo watu wananisikiliza kanisa zima kimya. Nilimkumbusha tu kwamba wale wavuvi wa Bukoba hawakujiandaa kuwa mashujaa. Asubuhi ile walikuwa na mitumbwi isiyovuja, kwa sababu kuna mtu, siku ya kawaida isiyo na kamera, aliikalafati.

Msinielewe vibaya. Simkatazi mtu chopa. Kanda hii ya ziwa inahitaji mafundi wa chopa, na pengine wewe unayesoma ndiye. Ukipima vitu hivihivi vinne, huenda vikakupeleka Nairobi. Kipimo ni kimoja, majibu ni ya kila mtu.

HUZUNI BAADA YA KUCHAGUA

Siku ya tisa alipiga simu Nairobi akawashukuru, akakataa nafasi. Alibaki na ndege za mabawa. Nikadhani tutafurahi.

Jioni yake akanitumia ujumbe: "Kaka, mbona nina huzuni hivi? Au nimekosea?"

Hili naomba vijana mlishike, maana linatesa wengi. Tumezoea kufundishwa kwamba ukichagua vizuri utasikia amani, na ni kweli amani ni dalili muhimu. Lakini amani na huzuni zinaweza kulala chumba kimoja. Kama ulichokiacha kilikuwa chema kweli, kukiacha lazima kuume. Kisingeuma, basi hakikuwa chema, au hukukipenda. Huzuni ya namna hii haikuambii umekosea. Inakuambia ulikuwa na mema mawili, na mwanadamu ana maisha moja tu.

Nilimwandikia hayo, nikajiona mwalimu. Akajibu: "Sawa kaka. Na wewe barua yako umeshaiandika?"

Alikuwa anaizungumzia barua yangu kwa askofu, ya kuomba kuendelea na masomo ya teolojia baada ya mwaka huu wa kichungaji. Miezi minne nilikuwa namwambia kila anayeuliza kwamba bado nasali. Nikamjibu vilevile.

Simu ikaita. Alikuwa yeye. "Kaka, nisamehe, mimi ni mdogo wako. Lakini nadhani unataka Mungu akuondolee kwanza woga wa kukosea. Hiyo siyo sala."

Nilitaka nimweleze tofauti. Njia yangu mwisho wake ni wa yale yasiyobadilika, ndiyo maana Kanisa linatupa miaka mingi ya kupima, na walezi wa kukagua, na hakuna anayepaswa kuharakishwa. Tofauti hiyo ni ya kweli. Lakini nilikuwa nimeshapima. Namba ilikuwa imefika. Kilichobaki ni kuandika jina, nami nilikuwa nimeishika kalamu nikiangalia juu kama punda.

Barua nimeipeleka wiki iliyopita. Na huzuni ipo. Napenda watoto. Jumapili nikimwona baba kijana kanisani amembeba mwanaye anayesinzia begani, kuna kitu kinanigusa, na sitawadanganya kwamba sala inakifuta. Nimejifunza kukaa nacho.

WALIOKUWA WAKITENGENEZA NYAVU

Namalizia kwa Injili. Katika Marko sura ya 1, Yesu anapita kando ya ziwa. Anawaita Simoni na Andrea, ambao walikuwa wanatupa nyavu majini. Akienda mbele kidogo anawaita Yakobo na Yohane. Hawa walikuwa ndani ya mashua wanatengeneza nyavu. Nimesikia mahubiri mengi juu ya wale wanaotupa nyavu. Lakini nusu ya wanafunzi wale wa kwanza waliitwa wakiwa kwenye matengenezo.

Nenda Mwaloni asubuhi utawaona watu wa namna hiyo: wameketi, nyavu zimewafunika miguu, vidole vinatafuta tundu moja baada ya jingine. Hakuna anayewapiga picha. Lakini tundu wanaloliacha leo, samaki atapitia hapohapo usiku. Mtume Paulo naye alikuwa akishona mahema. Na Yosefu wa Nazareti alikuwa fundi. Hatuna hata neno lake moja katika Injili.

Mdogo wangu sasa yuko kwenye Caravan. Juzi alinieleza kwamba usiku mmoja alishafunga kila kitu, akapata shaka na boliti moja, akafungua tena. Ilikuwa sawa. Alichelewa daladala, akatembea kwa mguu mpaka nyumbani. Kesho yake ndege ikaruka, abiria wakawa wanapiga picha za ziwa dirishani. Hakuna aliyejua jina lake.

Kwa nia hii, tumkumbuke Bikira Maria wa Loreto, ambaye Papa Benedikto XV alimtangaza mwaka 1920 kuwa msimamizi wa wasafiri wa anga. Sikukuu yake ni tarehe 10 Desemba.

Maswali ya kutafakari wiki hii:

1. Kuna uamuzi gani ambao unasema "bado nauombea" wakati umeshapima kila kinachopimika?
2. Nani anakutegemea leo, kwa jina?
3. Kuna jambo jema ulilowahi kuliacha na bado linauma? Umewahi kumweleza Mungu maumivu hayo bila kujiona umekosea?

Tusali: Ee Bwana, uliyepita kando ya ziwa ukawaona mafundi wa nyavu, tupe macho ya kupima yaliyo wazi, moyo wa kukuachia yaliyofichika, na mkono usiotetemeka wa kuandika majina yetu. Wabariki mafundi wanaokesha ili wengine wafike salama. Bikira Maria wa Loreto, utuombee. Amina.